Daftari Bila Mali: Vitabu vya Ufundi wa Milimani na Wasomaji Wasiofikiwa

Ipo faraja moja inayopendwa sana na wasomi wa Afrika Mashariki waishio ughaibuni. Faraja yenyewe ni kwamba urithi wa wazee umekwisha kuokolewa. Hadithi za zimwi na sungura, namna ya kuchonga mzinga wa nyuki, namna ya kufua chuma, namna ya kuyateremsha maji ya mlimani hadi shambani bila kuuharibu mteremko: yote hayo, husemwa, yameandikwa vitabuni, na vitabu viko salama. Anayeitoa faraja hii aghalabu huipigia muhuri kwa methali: mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lipo, basi mali ipo.

Faraja hiyo ni ya uongo, na uongo wake una gharama. Unawapa watu usingizi wakati ambapo wazee waliobaki, wenye ufundi mikononi na hadithi vinywani, wanaondoka mmoja mmoja bila ya kuulizwa.

Mahali pazuri pa kuupimia uongo huo ni mbali kabisa na milima: Upplands Väsby, manispaa iliyo kaskazini mwa Stockholm, kwenye reli iendayo Uppsala. Ni nchi ya mashamba, misitu ya misonobari na majengo ya ghorofa yaliyozunguka kituo cha treni, mahali palipopata sifa zamani kwa kiwanda cha majiko ya mafuta ya taa ya Optimus. Kama ilivyo katika vitongoji vingi vya Stockholm, wako wakazi wengi waliotoka nchi za mbali. Familia iliyotoka Machakos, Moshi au Lushoto ikihamia hapo huwa imejiweka katikati ya hazina bila ya kujua. Upande wa kusini, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni, iko Stockholm pamoja na Maktaba ya Kifalme, ambayo mizizi yake ya kisheria ya kupokea nakala za machapisho ya nchi yaanzia mwaka 1661. Upande wa kaskazini iko Uppsala na chuo kikuu chake. Katika miji hiyo miwili ndimo yalimochapishwa mengi ya yale yaliyoandikwa na Mswidi mmoja juu ya watu wa vilima vya Ukambani.

Mswidi huyo ni Gerhard Lindblom. Alikwenda Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akakaa, akajifunza lugha, akauliza. Mwaka 1916 alitoa Uppsala tasnifu yake juu ya Wakamba, na toleo jingine likafuata mwaka 1920. Ndani yake mna maisha ya kijiji tangu kuzaliwa hadi kufa, pamoja na uwindaji, ufugaji wa nyuki na uhunzi. Baadaye, kati ya mwaka 1928 na 1935, zikatoka juzuu tatu za fasihi simulizi ya Wakamba: hadithi za wanyama, hadithi za viumbe wa ajabu, na juzuu ya vitendawili, methali na nyimbo. Lindblom akawa mkuu wa Makumbusho ya Ethnografia ya Stockholm. Haki yake apewe: alifanya kazi kwa bidii, na alizichapa hadithi kwa Kikamba chenyewe pamoja na tafsiri. Wengi wa wenzake hawakufanya hata hilo.

Lakini maelezo yote na tafsiri zote za vitabu hivyo ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu wakisema na wataalamu. Kikamba chake kimeandikwa kwa alama za wanaisimu ambazo mtoto aliyesomeshwa Machakos hawezi kuzisoma bila ya kusitasita. Mtoto aliyezaliwa Väsby, ambaye Kikamba chake ni salamu mbili tatu na ambaye Kiswahili ndicho kinachowaunganisha baba yake Mkamba na mama yake Mchagga, atavifungua vitabu hivyo na kuvifunga. Kwake yeye viko mbali sawasawa na vilivyokuwa kwa babu ya babu yake, ingawa treni humfikisha vilipo kabla ya kumaliza chai yake.

Hali si tofauti mtu akitoka Ukambani akaenda Kilimanjaro. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyeishi miongo mingi miongoni mwa Wachagga, alichapisha kitabu cha hadithi zao mwaka 1914, kisha kati ya mwaka 1932 na 1938 akatoa juzuu tatu nene za mafundisho waliyokuwa wakipewa vijana. Kwa mizani ya kabati, Wachagga ni matajiri. Kwa mizani ya mjukuu anayetaka kujua babu yake alifundishwa nini, utajiri huo umefungwa kwa kufuli la Kijerumani.

Mtetezi wa faraja atajibu kwamba kuhifadhi na kusomwa ni mambo mawili. Kitu kikihifadhiwa leo, atasema, kitasomwa kesho. Jibu lake limesimama ndani ya Väsby yenyewe. Katika eneo la Ed, ndani ya manispaa hiyo, liko jabali kubwa lililochongwa maandishi ya runi, zile herufi za kale za Skandinavia, katika karne ya 11. Aliyeamuru yachongwe ni mtu aliyeitwa Ragnvald. Alitaka mama yake, Fastvi, akumbukwe, na alitaka pia ijulikane kwamba yeye mwenyewe alikuwa kiongozi wa askari katika nchi ya Wayunani. Jabali limefanya kazi yake kwa uaminifu wa karibu miaka elfu moja. Hata hivyo, mpita njia wa leo, hata akiwa Mswidi wa damu, haoni juu yake ila nyoka wa mistari. Ilibidi wataalamu walisome, walitafsiri kwa Kiswidi cha leo, na waendelee kulieleza kwa kila kizazi. Bila ya kazi hiyo ya pili lingekuwa mwamba wenye mikwaruzo. Jiwe lilihifadhi herufi. Watu ndio waliohifadhi maana.

Na hapo ndipo pana somo kubwa ambalo Uswidi inampa mhamiaji bure, ikiwa ataliona. Waswidi wenyewe, katika mambo ya kwao, hawauamini uhifadhi wa kabatini. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, akahamishia huko nyumba za wakulima kutoka majimbo mbalimbali, na mpaka leo mgeni huweza kuona kazi za mikono zikifanywa mbele ya macho yake. Shuleni, somo la kazi za mikono liitwalo slöjd ni la lazima: mtoto hushika mbao na kisu, hushika uzi na sindano. Wachungaji wa kaskazini na kati ya nchi walikuwa na desturi ya kupeleka mifugo kwenye malisho ya mbali wakati wa kiangazi, wakaishi kwenye vibanda viitwavyo fäbod, wakatengeneza jibini na kuwaita ng'ombe kwa sauti ya juu inayovuka mabonde. Desturi hiyo imeandikwa na wanazuoni wa Kiswidi kurasa kwa kurasa. Kama kurasa zingetosha, kusingekuwa na haja ya Uswidi na Norway kwenda UNESCO, ambako mwaka 2024 desturi hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi usioshikika, orodha ya mambo yanayoishi kwa sababu watu bado wanayatenda.

Basi mtoto wa Kikamba wa Väsby hufundishwa shuleni kuchonga kijiko cha Kiswidi, kwa Kiswidi, na mwalimu anayejua jina la kila kifaa. Hilo ni jema na halina lawama. Lawama iko upande wa pili: hakuna anayemwambia mtoto huyo kwamba mababu zake pia walichonga, kwa vifaa gani, kutoka mti gani, na kwa nini mti ule na si mwingine. Aliyekuwa na wajibu wa kumwambia ametosheka kujua kwamba liko daftari mahali fulani.

Kwamba kitabu chaweza kufanya kazi hiyo, ushahidi upo, nao umetoka milimani. Katika milima ya Appalachia, jimbo la Georgia nchini Marekani, wanafunzi wa shule moja ya Rabun Gap walianza mwaka 1967 kuchapisha jarida waliloliita Foxfire. Mwalimu wao wa Kiingereza aliwatuma kwa wazee wa milima ileile, wakiwa na vinasa sauti na kamera. Waliuliza namna ya kujenga nyumba ya magogo, kuchinja na kuhifadhi nyama ya nguruwe, kupanda kwa kufuata dalili za mbinguni, kutibu kwa mitishamba. Wakaziandika pia hadithi na imani. Mwaka 1972 mambo hayo yakakusanywa katika kitabu, na vingine vikafuata, vikauzwa kwa mamilioni. Fedha zilizopatikana zilisaidia kununua ardhi na kusimamisha upya nyumba za zamani za magogo.

Tofauti kati ya kazi hiyo na ya Lindblom haiko katika bidii. Iko katika swali la nani anamuuliza nani, na kwa ajili ya nani. Vijana wa Rabun Gap waliandika kwa lugha iliyosemwa na wazee wenyewe, na msomaji wao wa kwanza alikuwa jirani. Kwa sababu hiyo hawakuweza kudanganya wala kuruka hatua: mzee angekifungua kitabu na kusema kwamba gogo halichongwi hivyo. Mtaalamu wa Uppsala hakuwa na jirani wa namna hiyo. Msomaji wake hakuwahi kuchonga mzinga, wala hakukusudia kuuchonga.

Kutokana na hayo hupatikana kipimo rahisi cha kitabu chochote kinachodai kuhifadhi ufundi. Asiyejua akikisoma, je, ataweza kujaribu? Na kwa hadithi: ikisomwa kwa sauti, je, yuko mtoto atakayeitikia? Paukwa huhitaji pakawa. Hadithi isiyo na wa kuiitikia ni nusu ya hadithi, hata kama imechapwa kwa usahihi wote wa kitaalamu.

Hapo huinuka pingamizi la pili, nalo lina heshima kuliko la kwanza. Kiswahili, husemwa, ni lugha ya pwani na ya miji. Ufundi wa milimani una lugha zake, Kikamba, Kichagga, Kishambaa, na kuuandika kwa Kiswahili ni kuutoa kabati moja na kuutia jingine. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama historia isingelikanusha. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy juu ya watawala wa milima ya Usambara, kiliandikwa kwa Kiswahili na kuanza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19, kikatolewa tena mwaka 1962. Mwaka 1947 Mangi Petro Itosi Marealle alichapisha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Mathias Mnyampala alitoa mwaka 1954 kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Watu hawa hawakuona kwamba Kiswahili kimewavua nguo. Walikitumia kama sebule ambamo Mchagga na Mgogo huweza kukaa pamoja wakasimuliana. Kihamba leo ni neno linaloeleweka na Watanzania wengi wasiojua Kichagga, kwa sababu liliingia katika Kiswahili pamoja na kitu chenyewe. Maneno ya ufundi hayana budi kubaki ya wenyewe. Sentensi inayoyabeba yaweza kuwa ya wote.

Ushahidi mkubwa kuliko wote umeandikwa katika ardhi ya Machakos, na Uswidi inahusika nao pia. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika juu ya vilima vya Machakos kama nchi iliyokwisha kuharibiwa na mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kinyume cha ubashiri huo: idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na bado udongo ulikuwa umelindwa vizuri kuliko zamani. Sehemu kubwa ya siri hiyo ni matuta yaitwayo fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kukata mteremko, akaurusha udongo upande wa juu, ukawa tuta; juu ya tuta hupanda majani ya kulishia mifugo. Mvua inapoteremsha udongo, tuta huuzuia. Mwaka baada ya mwaka kilima hujigeuza ngazi. Matuta hayo si ya kale sana, na hilo ni la kuzingatiwa na wale wanaodhani kwamba urithi lazima uwe na vumbi. Wakulima waliyapendelea kuliko namna nyingine walizoamrishwa, wakayachimba kwa nguvu ya mwethya, vikundi vya Kikamba vya kusaidiana kazi, ambavyo wanawake ndio uti wa mgongo wake.

Jina la ufundi huo ni la Kiswahili. Wataalamu wa udongo duniani huandika fanya juu katika vitabu vya Kiingereza bila ya kulitafsiri, kwa kuwa hawana neno lililo bora. Basi anayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba ufundi wa mlimani aende akawaulize hao. Kuanzia mwaka 1974, na kwa zaidi ya miongo miwili, shirika la misaada la Uswidi, SIDA, liligharimia mradi wa taifa wa kuhifadhi udongo nchini Kenya. Fedha za walipa kodi wa Uswidi, wa Väsby wakiwamo, zilikwenda katika vilima vilevile alivyopanda Lindblom. Na kwa mara nyingine, miongozo mikuu ya kitaalamu ilichapwa kwa Kiingereza. Waliokuwa wakichimba walikuwa na neno. Waliokuwa wakiandika wakalichukua neno na kuiacha lugha iliyolizaa.

Ni rahisi kuishia hapo, na kuwalaumu Waswidi na Wajerumani. Lawama hiyo ni tamu na haizai kitu. Lindblom alikufa mwaka 1969. Hawezi kurudi kuandika kwa Kiswahili. Walio hai ndio wanaodaiwa. Sheria ya Uswidi yenyewe imewaachia mlango wazi. Sheria ya lugha ya mwaka 2009 inasema kwamba mwenye lugha ya mama isiyo ya Kiswidi apewe nafasi ya kuikuza na kuitumia. Shule za manispaa huwajibika kuandaa masomo ya lugha ya mama wakipatikana wanafunzi wasiopungua watano na mwalimu anayefaa. Sheria ya maktaba iliyoanza kutumika mwaka 2014 inazitaka maktaba za umma ziwaangalie kwa namna ya pekee wasomaji wenye lugha nyingine. Maktaba ya Väsby basi haina kisingizio cha kukikataa kitabu kizuri cha Kiswahili cha ufundi na hadithi za milimani. Lakini maktaba hainunui kitabu kisichokuwapo.

Kitabu hicho kinaweza kuwapo, na namna ya kukitengeneza inajulikana tangu Rabun Gap. Darasa la Kiswahili la watoto watano lina babu na bibi wapatao ishirini, na simu ya mkononi leo hufanya kazi ya kinasa sauti na kamera kwa pamoja. Mtoto aulize: mzinga huchongwa kwa mti gani, huangikwa juu kiasi gani, nyuki huvutwa kwa nini? Mfereji wa Kilimanjaro huchukuliwa wapi kwenye mto, nani husafisha sehemu ipi, mwenye zamu akiibiwa maji hushtaki wapi? Jibu liandikwe kwa Kiswahili, majina ya vifaa yabaki kwa lugha ya mzee, picha ichorwe, na rasimu irudishwe kwa mzee aikosoe. Hapo vitabu vya Lindblom na Gutmann vitapata kazi yao halali: vitakuwa shahidi wa kulinganishia, mahali pa kuuliza kama mzee wa leo na mzee wa mwaka 1912 wanakubaliana, na kama hawakubaliani, ni nini kilichobadilika. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao huona faida katika vitabu vya mitihani tu, wana deni lao hapo pia. Vitabu vya Foxfire viliuzwa kwa mamilioni bila ya kuwamo katika mtihani wowote.

Wako watakaosema kwamba watoto wa ughaibuni hawataki mambo hayo. Wanaosema hivyo aghalabu hawajawauliza watoto. Wamejiuliza wenyewe na kujijibu. Mtoto anayejivunia kijiko alichochonga katika somo la slöjd hana sababu ya kuuonea haya mzinga wa babu yake, ila aambiwe kwamba upo na aonyeshwe unavyoshikwa.

Methali ya mali na daftari ilitungwa na wafanyabiashara, nao walijua jambo ambalo wapenda faraja wamelisahau. Daftari huandikwa na mwenye duka, kwa mwandiko anaousoma mwenye duka, na hufunguliwa kila jioni mali ikihesabiwa. Daftari lililoandikwa na mgeni, kwa lugha ya mgeni, likafungwa katika nchi ya mgeni, ni ushahidi tu kwamba zamani palikuwa na duka. Wenye duka wako hai bado, Machakos, Moshi, Lushoto na hata Upplands Väsby, na wazee wao bado hupokea simu. Waulizwe mwaka huu.